Shule zimefunguliwa: mambo ya kumwambia daktari wa ugenini

Kwetu wazazi wa Afrika Mashariki tunaolea watoto ughaibuni, shule zikifunguliwa, kamasi hazikawii. Mtoto mdogo anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka na bado akawa mzima kabisa. Daktari akimrudisha nyumbani bila antibiotiki, usidhani mmedharauliwa. Mafua huletwa na virusi, na dawa hizo haziviui. Anywe maji ya kutosha, apumzike, apewe parasetamoli kwa kipimo cha umri au uzito wake. Aspirini asipewe mtoto bila agizo la daktari, na asiyetimiza mwaka asilambishwe asali.

Penye kazi ni upele. Vipeperushi vingi vya zahanati vinaonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe, na kwa watoto wetu wekundu huo huenda usionekane kabisa. Tumia vidole. Homa nyekundu, ambayo huanza na koo kuuma na huhitaji antibiotiki, huifanya ngozi ya kifua na tumbo ikwaruze kama msasa. Kwa upele unaotia shaka ya homa ya uti wa mgongo, gandamiza ubavu wa glasi ya kioo juu yake. Usipofifia, piga simu ya dharura: 999 Uingereza, 911 Marekani, 112 nchi za Umoja wa Ulaya. Kwenye ngozi nyeusi, chungulia viganja, nyayo na ndani ya kope. Na kama mtoto amelegea, shingo imekaza na mwanga unamuumiza macho, usingoje upele. Anayehema kwa shida mtazame midomo, ulimi na ufizi: rangi ya kijivu au bluu ni dharura.

Kama likizo mlikwenda Afrika Mashariki, hilo ndilo la kwanza kumwambia daktari mtoto akipata homa, hata ikiwa imepita miezi kadhaa. Huku malaria haiwajii akilini upesi. Omba kipimo cha damu siku hiyohiyo, na usiseme "ni mafua tu ya shule". Mtoto aliyezaliwa huku hana kinga yoyote dhidi ya malaria.

Kuhusu kukaa nyumbani, uliza shule yenu, maana kanuni hutofautiana. Uingereza aliyetapika au kuhara hukaa saa 48 tangu mara ya mwisho. Mwenye tetekuwanga hungoja malengelenge yote yakauke, na asipewe ibuprofeni bila ushauri wa daktari. Virusi vya kutapika havitishwi sana na jeli ya mikono. Sabuni na maji ndiyo dawa. Chawa nao si dalili ya uchafu (wanapenda hata kichwa kilichooshwa jana), kwa hiyo waambie wazazi wenzako bila aibu.

Kichanga wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, mpeleke hospitali mara moja. Lugha ikikupiga chenga, omba mkalimani. Usimwachie kazi hiyo mtoto mkubwa.