Somo: Jinsi ya Kuitambua Aztekium ritteri, Dungusi Adimu ya Magenge ya Meksiko

Aztekium ritteri ni dungusi ndogo inayoota katika jimbo la Nuevo León, kaskazini-mashariki mwa Meksiko, kwenye milima ya Sierra Madre Oriental. Mjerumani Friedrich Boedeker ndiye aliyeipa jenasi (kundi la spishi zenye undugu) yake yenyewe mwaka 1929. Watu wengi wakitaka kutambua dungusi hutazama miiba kwanza, lakini kwa mmea huu miiba haina msaada mkubwa. Kinachoutambulisha ni mbavu zake. Andaa lenzi ya kukuzia na taa ndogo.

Hatua ya kwanza: chunguza mahali ulipoota. Porini mmea huu hushika kwenye magenge yaliyosimama karibu wima, ukipenyeza mizizi katika nyufa za mawe ya chokaa na jasi. Ukionyeshwa picha ya mmea uliopigwa kwenye tambarare ya mchanga, una haki ya kutilia shaka.

Hatua ya pili: tazama umbo kwa jumla. Ni tufe lililobonyea juu, la kijani kilichofifia kuelekea kijivu, na kwa kawaida upana wake hauzidi sentimita 5. Mimea mikongwe huchipua machipukizi pembeni hadi ikawa kichaka kidogo.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo: hesabu mbavu. Mulika taa kutoka pembeni, si kutoka juu, ili vivuli vionyeshe mikunjo. Utaona mbavu kuu 9 hadi 11, kila moja ikiwa na makunyanzi membamba yanayoikata kwa upana. Sasa sogeza lenzi kwenye bonde lililo kati ya mbavu mbili kuu: humo umebanwa ubavu mwingine mwembamba, ambao hauna areoli hata moja. Areoli, yaani vile vidoa vyenye sufu ambamo miiba na maua huchomoza, zimepangwa kwenye ukingo wa mbavu kuu peke yake. Zilizo changa, kileleni, zina sufu nyeupe na vijiba vichache vifupi, laini, vilivyopinda. Zilizozeeka zimeshapukutisha miiba yake.

Hatua ya nne: subiri maua. Hutoka katika sufu ya kileleni, madogo, yenye upana wa takriban sentimita 1, meupe yenye waridi kwa nje. Tunda hubaki limejificha ndani ya sufu hiyo, na mbegu zake ni ndogo mno.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nitaitofautishaje na Aztekium hintonii?
Jibu: Hiyo, iliyotangazwa mapema miaka ya 1990, ni kubwa zaidi, maua yake ni ya zambarau iliyokolea, na haina ule ubavu mwembamba wa katikati.

Swali: Je, mnyaa wetu ni jamaa yake?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mnyaa hutoa utomvu mweupe ukikatwa na hauna areoli. Dungusi pekee iliyo ya asili barani Afrika ni Rhipsalis baccifera, ambayo huning'inia mitini katika misitu yenye unyevu, ikiwemo ya Tanzania.

Swali: Naweza kuiotesha kwa mbegu?
Jibu: Unaweza, ila hukua polepole kupita kiasi, ndiyo maana wakuzaji wengi huibebesha miche michanga juu ya shina la Pereskiopsis, dungusi nyingine inayokua haraka. Fahamu kwamba mmea uliobebeshwa huvimba, na mbavu zake huenda zisionekane kama nilivyoeleza.

Swali: Nimeona mtu anauza mmea mkubwa. Ninunue?
Jibu: Spishi hii imo katika Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo biashara ya kimataifa ya mimea iliyong'olewa porini imepigwa marufuku. Muulize muuzaji ilikooteshwa na udai hati. Kama sehemu ya chini ina magamba makavu na makovu, mizizi nayo imekatwa, usinunue, hata kwa nia ya kuuokoa, kwa sababu fedha yako ndiyo itakayomrudisha mng'oaji gengeni.