Kuacha pombe ya mnazi Malindi: mkutano wa kwanza wa kikundi cha wanaoacha pombe unaingiaje

Kama mikono yatetemeka asubuhi kabla hujapiga glasi ya kwanza, usiache ghafla peke yako, pitia hospitali kwanza maana waweza kuanguka kifafa. Halafu piga 1192, laini ya NACADA (shirika la serikali la kupambana na ulevi na mihadarati), ni bure, uliza kikundi kilicho karibu na Malindi, kama hakuna, AA (Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe) wana mikutano ya Zoom, bando tu.

Siku yenyewe usipitie njia ya mangwe, kilabu cha mnazi (mie nilizunguka mbali, jua kali!). Ukifika kaa nyuma, jina moja latosha, kiingilio hakuna, na si lazima uongee, sema tu "leo nasikiliza". Wakichangisha na huna kitu, pitisha kofia. Ukitoka chukua namba ya mtu mmoja, jioni kiu ikipanda mpigie kabla hujavaa ndara.