Kuhifadhi Rangi Iliyobaki

Rangi ya maji iliyobaki kwenye ndoo ya lita 20 huharibiwa zaidi na hewa iliyofungiwa humo kuliko umri wake. Kwa hiyo, ikiwa imebaki robo tu, ichuje kwa kitambaa chepesi na uihamishie kwenye kopo dogo litakalojaa karibu hadi mdomoni. Futa ukingo wa kopo, kwani rangi ikikauka hapo mfuniko haukai sawasawa, kisha tandaza kipande cha nailoni mdomoni na ugongee mfuniko taratibu juu yake. Andika namba ya rangi, chumba na tarehe. Stoo ya bati inayochomwa na jua haifai. Rangi ya mafuta ikifanya utando, uondoe mzima, usiukoroge. Rangi ya maji inayonuka kama yai viza imekwisha kuoza.