Jinsi ya kuingia katika kazi ya kudijitisha maktaba, ukiwa Nairobi

Vijana wanaoniuliza habari za kazi hii ya kugeuza karatasi za maktaba kuwa faili za kompyuta karibu wote huanza na mashine: ninunue skana gani, kamera gani. Usinunue chochote bado. Mashine ni ya mradi, na utafundishwa kuitumia kwa siku chache tu. Kinachomfanya mtu aitwe tena mradi mwingine unapokuja ni yale yanayofanyika kabla na baada ya skana: kujua kuishika karatasi, na kujua kuieleza ikishapigwa picha. Nimeona miradi mingi ikianza na kwisha mjini hapa. Waliopigiwa simu tena walikuwa wale wanaojua kueleza.

Kwanza jua kazi iko wapi. Nenda Maktaba ya McMillan, pale Banda Street karibu na Msikiti wa Jamia. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931, na ina magazeti na picha za enzi za ukoloni. Shirika la Book Bunk linashirikiana na kaunti kuikarabati pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na kudijitisha ni sehemu ya kazi hiyo. Kisha teremka Moi Avenue uingie Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1965. Upper Hill kuna Maktaba Kuu ya KNLS, yaani huduma ya maktaba ya taifa. Vyuo vikuu navyo vina hazina za tasnifu, nyingi zikiendeshwa kwa DSpace, programu ya kuhifadhi na kutafuta kazi za chuo kwenye kompyuta.

Usizipite ofisi ambazo hazijiiti maktaba. Mahakama za Nairobi zilianza kupokea kesi kwa mtandao Julai 2020, na mfumo wa ardhi wa Ardhisasa ukazinduliwa 2021. Nyuma ya mifumo kama hiyo kuna majalada ya karatasi, na lazima awepo mtu wa kuyatoa pini, kuyapanga na kuyaskani. Hospitali, makanisa na sacco ni vivyo hivyo. Nafasi za kwanza huwa za mkataba wa miezi, na matangazo utayaona katika gazeti la MyGov na tovuti za taasisi. Lakini mimi humwambia kila mtu apeleke barua mwenyewe, akiomba mafunzo kazini. Wakutubi wengi wana rafu zinazowatia wasiwasi na hawana mikono ya kutosha.

Cheti au diploma ya ukutubi inatosha kuanzia. Ukitaka shahada, kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya hapa mjini, na Moi kule Eldoret.

Karatasi

Gazeti la zamani lilichapishwa kwa karatasi ya mbao iliyosagwa, na ndani yake kuna lignini, kitu cha mti kinachozaa asidi. Kadiri miaka inavyopita asidi huila, ikageuka manjano na kukatika kama kaukau. Kwa hiyo jifunze kugeuza ukurasa kwa viganja viwili, ukiubeba kutoka chini. Usilambe kidole. Kwa karatasi ya kawaida tumia mikono mitupu iliyooshwa ikakauka, kwa sababu glavu hukuondolea hisi ya vidole na ukingo uliochakaa hupasuka kabla hujatambua. Glavu ziweke kwa ajili ya picha na negativu, ambazo mafuta ya ngozi huziachia alama.

Pini yenye kutu usiing'oe kwa kifaa cha ofisini chenye meno. Penyeza kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, nyoosha miguu ya pini upande wa nyuma, kisha itoe taratibu. Kitabu chenye mgongo mgumu usikilaze wazi kabisa juu ya kioo. Kiweke kwenye kitako cha umbo la V, na kamera iwe juu. Ukiona ukungu, simama. Vaa barakoa, weka kitabu hicho mbali na vingine, mwite mhifadhi. Nasisitiza barakoa hata pasipo na ukungu, maana vumbi la majalada huingia kifuani na hakuna mradi utakaokulipia mapafu.

Picha na hesabu yake

Kwa maandishi ya kawaida, nukta 300 kwa inchi ndicho kiwango cha chini, na 400 ni bora zaidi kwa herufi ndogo. Nakala kuu huhifadhiwa kama TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora wa picha, na ya wasomaji kama PDF au JPEG. Jifunze hesabu hii kwa kichwa, kwa maana itakusaidia kwenye usaili: ukurasa mmoja wa A4 wa rangi kwa nukta 400, usiobanwa, ni takriban MB 46. Kitabu cha kurasa 200 ni zaidi ya GB 9. Diski ya GB 500 haitapita vitabu 54. Mwombaji anayeweza kumwonyesha mkuu wa mradi kwamba bajeti ya diski haitoshi, kabla kazi haijaanza, ameshajipatia heshima.

Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Ofisi moja niliyoifahamu ilikuwa na diski moja tu mezani. Stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na kazi ya wiki nyingi ikaenda nayo. Majalada yalikuwa yamesharudishwa wilayani.

Majina ya faili yasiwe na nafasi, na namba zianze na sifuri: 0001, 0002. La sivyo ukurasa wa 10 utapangwa kabla ya ukurasa wa 2.

Maelezo

Hapa ndipo naomba utulie, kwa sababu hapa ndipo kazi inapoishi au kufa. Picha isiyo na maelezo haipatikani, na isiyopatikana ni sawa na iliyochomwa. Viwango vipo. Anza na Dublin Core, orodha ya mambo ya kujaza kuhusu kila picha, yenye vipengele 15 tu: kichwa, mtunzi, tarehe, mada na kuendelea. Utavielewa kwa jioni moja. Kilicho kigumu ni kujua uandike nini ndani yake, na hilo linahitaji mtu anayeujua mji huu na nchi hii.

Chukua picha iliyoandikwa nyuma "Government Road". Msomaji wa leo atatafuta Moi Avenue. Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue, Victoria Street ni Tom Mboya Street, Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu. Usifute jina la zamani, maana nalo ni ushahidi. Andika yote mawili, la zamani kama lilivyo na la sasa kama njia ya kulifikia. Tarehe nazo zipime kwa unachokiona. Jumba refu la mikutano la KICC, katikati ya mji, lilikamilika 1973. Likiwa limesimama kamili kwenye picha, picha hiyo si ya 1965 hata kama mtu ameandika hivyo kwa wino. Usipojua mwaka, andika kipindi, mfano "kati ya 1973 na 1980", na useme umekikadiria kwa nini. Kwa majina ya watu na vyeo, Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo historia yake inaanzia 1899, ni rafiki mkubwa.

Lugha nayo. Tesseract, programu ya bure inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yanayotafutika, husoma Kiswahili, lakini lazima uiwekee faili ya Kiswahili, vinginevyo itayakisia maneno yetu kwa Kiingereza. Kwa Gĩkũyũ kuwa mwangalifu zaidi. Mwaka 1928 chama cha siasa cha Wakikuyu, KCA, kilianza gazeti la Muigwithania, Kenyatta akiwa mhariri, na maandishi ya lugha hiyo leo hubeba alama juu ya ĩ na ũ. Programu ikizidondosha, neno hubadilika na utafutaji hushindwa. Mradi unahitaji mtu wa kusahihisha. Ukijua Kidholuo, Kikamba au Kisomali kwa kusoma na kuandika, liweke hilo juu kabisa ya barua yako.

Na waulize wazee. Mkazi wa Kaloleni aliyekulia pale anaweza kukutajia ukumbi, timu na mwalimu wa bendi kwa kutazama picha moja. Andika alilosema, nani kasema na lini, kwa ruhusa yake.

Sheria hazihitaji maneno mengi. Nchini Kenya hakimiliki ya maandishi hudumu hadi miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mwandishi. Kuskani kitabu hakukupi haki ya kukiweka mtandaoni. Majalada yenye habari za wagonjwa, watoto au kesi yanaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Sampuli na mkataba

Usisubiri kuajiriwa ndipo ujifunze. Omba albamu ya nyumbani, au vitabu vya kumbukumbu za kwaya au chama, kwa ruhusa ya wenyewe. Piga picha kwa simu iliyofungwa kwenye stendi, kando ya dirisha, bila flashi. Zipe faili majina, jaza jedwali la maelezo, na uandike ukurasa mmoja wa maamuzi uliyofanya na sababu zake. Nenda na hiyo kwenye usaili. Ninapoajiri wasaidizi huusoma ukurasa huo kabla ya vyeti.

Fedha za nje zipo pia. Programu ya Maktaba ya Uingereza ya hifadhi zilizo hatarini, iliyoanza 2004, ndiyo iliyowezesha hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu kudijitishwa. Ukijua mahali penye hazina ya namna hiyo, wewe ndiye unayeweza kuwakutanisha mwenye hati na taasisi itakayoomba ruzuku.

Ukipewa mkataba wa kulipwa kwa ukurasa, uliza kabla ya kutia sahihi: ukurasa uliokataliwa na mkaguzi ukirudiwa, unalipwa na nani? Kutoa pini kunahesabiwa? Kuandika maelezo je? Wengi hulipia kuskani peke yake, wakataka maelezo yafanywe bure. Kataa hilo kwa adabu, na uombe maelezo yawe na malipo yake katika mstari wake.