Somo: kutuliza video ya mkononi iliyotikisika kwa DaVinci Resolve

DaVinci Resolve ni programu ya kuhariri video, na toleo la bure linatosha. Ila kabla hujabofya chochote, elewa programu inafanya nini: inapima kila fremu (picha moja moja inayounda video) imehama kiasi gani, kisha inaisukuma irudi upande wa pili. Ikisukumwa, pembeni panabaki weusi, kwa hiyo picha inakuzwa mpaka weusi utoke nje. Yaani utulivu unalipiwa kwa kingo za picha. Uliyerekodi 4K na unatoa kazi kwa 1080p huna wasiwasi, una pikseli 3840 za upana na unahitaji 1920 tu. Uliyerekodi 1080p, ukuzaji wa asilimia 10 unakuachia pikseli kama 1745 zilizotanuliwa. Hapo bado panavumilika.

1. Kata kwanza. Kwenye ukurasa wa Edit, weka kichwa cha taimulaini (ule mstari wima unaoonyesha ulipofika) pale kamera ilipogeuka ghafla, bofya Ctrl+B. Mpiga video akiwa anamfuata bi harusi halafu akawageukia wapiga ngoma, programu itadhani ule mgeuko nao ni mtikisiko na itauzuia. Picha inachelewa, kisha inaruka.

2. Chagua klipu, fungua Inspector juu kulia, shuka hadi Stabilization.

3. Chagua aina. Translation inarekebisha juu-chini na kushoto-kulia tu. Similarity inaongeza mzunguko na ukubwa. Perspective inarekebisha hata mwinamo wa picha, na ndiyo inayoharibu kazi za wengi: miimo ya milango inapinda na kujinyoosha kila mtu akipiga hatua. Anza na Similarity.

4. Cropping Ratio weka 0.8. Ikiwa 1.0 hakuna kinachotulizwa. Kadiri unavyoshusha, programu inatumia nguvu zaidi na inakula kingo zaidi. Smooth, yaani ulaini wa mwendo, weka 0.3. Acha tiki kwenye Zoom, kisha bofya Stabilize. Ukibadilisha namba hizi mbili lazima ubofye Stabilize upya, la sivyo hutaona tofauti yoyote.

5. Mwisho gusa Strength, yaani nguvu ya utulizaji, ambayo inabadilika hapo hapo. Mtu anayetembea na kamera, 0.7 au 0.8 inapendeza kuliko 1. Video ya mkononi iliyonyooshwa kupita kiasi inaelea, na mtazamaji anaiona tu kuwa si ya kawaida.

Camera Lock ni kwa kamera iliyosimama sehemu moja, mfano mahojiano. Kwa kamera inayotembea usiiguse.

Kuna kitu programu haikiwezi: ukungu wa mwendo, yaani picha kukosa ukali, uliokwisha kuingia kwenye fremu. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 ya sekunde, kila mguu unapotua fremu mbili tatu zinafifia. Baada ya kutuliza, picha imesimama lakini inafifia na kurudi, inafifia na kurudi. Ukijua mapema kwamba utatuliza, rekodi kwa 1/100 au 1/200. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) itapanda na usiku utapata chenga, yaani punje punje kwenye picha. Zipokee, chenga zinapunguzika, ukungu hautoki.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nimekata klipu vipande vitatu kama ulivyosema, sasa ukubwa wa picha unaruka kila nikifika kwenye mkato.
Kila kipande kimejikuza kwa kiasi chake. Toa tiki ya Zoom kwenye vyote vitatu, nenda Transform, weka Zoom moja kwa vyote. Jaribu 1.12, panda taratibu mpaka weusi uishe kwenye kipande kibaya zaidi.

Wachezaji wakijaa mbele ya kamera, ukuta wa nyuma ndio unaanza kuyumba. Tatizo nini?
Programu imewafuata wachezaji badala ya ukuta. Nenda ukurasa wa Color, kwenye Tracker chagua Stabilizer, bofya nukta tatu uchague Classic Stabilizer, badilisha Cloud Tracker iwe Point Tracker. Weka alama kwenye kitu kisichosogea, kona ya dirisha kwa mfano, fuatilia klipu nzima, ndipo ubofye Stabilize.

Kaka, laptopu yangu ina RAM 4GB, Resolve haifunguki kabisa.
Tumia ffmpeg, programu nyepesi ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, yenye vidstab, kiongezeo chake cha kutuliza. Ni amri mbili. Ya kwanza inapima:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf vidstabdetect=shakiness=6:result=t.trf -f null -

Ya pili inatuliza na kurudisha ukali kidogo:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf vidstabtransform=input=t.trf:smoothing=15,unsharp=5:5:0.8:3:3:0.4 -c:a copy harusi2.mp4

smoothing=15 maana yake inaangalia fremu 15 za nyuma na 15 za mbele. Mtembeo mrefu peleka 25 au 30.

Nimerekodi juu ya bodaboda, picha nzima inacheza kama uji. Nifanyeje?
Kihisi cha kamera kinasoma picha mstari kwa mstari, na mtetemo wa injini una kasi kuliko usomaji huo, kwa hiyo juu na chini ya fremu moja vimehama tofauti. Stabilize haiponyi hilo, na Perspective italizidisha. Safari ijayo weka mpira au sponji kati ya kishikio na usukani. Hizo ulizonazo, tumia vile vipande ambavyo pikipiki ilikuwa imesimama na injini imezimwa.