Kumkagua mtoto wa kiume kabla ya tohara

Familia zinazotahiri watoto wachanga hupanga siku, humtafuta mtahiri na huandaa mlo, lakini mara nyingi husahau kumtazama mtoto mwenyewe kwanza. Mlaze mahali penye mwanga na joto, kwa kuwa baridi huzipandisha korodani, kisha nawa mikono uanze na govi.

Govi la kawaida huuzunguka uume wote, na lisivutwe nyuma kwa nguvu, maana kwa mtoto mchanga bado limeshikana na kichwa cha uume. Likiwa limejaa upande wa juu tu kama kofia, litafute tundu la mkojo upande wa chini, kuanzia karibu na kichwa cha uume hadi kwenye pumbu. Huenda uume nao umepinda kuelekea chini. Wapo wasemao kwamba mtoto wa namna hii amezaliwa akiwa ametahiriwa, na wengine humalizia kwa kukata kile kipande kilichobaki. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu daktari bingwa huweza kuihitaji ngozi hiyohiyo kutengenezea mrija mpya wa mkojo, kwa kawaida mtoto akiwa na miezi 6 hadi 18. Ahirisha tohara. Tundu likiwa upande wa juu wa uume, hali iliyo adimu zaidi, ahirisha vilevile.

Kisha papasa pumbu taratibu. Korodani moja ambayo haijashuka hadi miezi 6 ionwe na daktari. Zikikosekana zote mbili, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mtoto wa kike mwenye hitilafu ya tezi za juu ya figo anaweza kuzaliwa akidhaniwa mvulana, na mwili wake ukipoteza chumvi anaweza kufa katika wiki chache za mwanzo.

Mwisho, subiri akojoe. Watoto wengi hukojoa ndani ya saa 24 za kwanza, na mkojo huruka. Ukidondoka matone huku tumbo la chini limevimba, huenda mrija wa mkojo umezibwa na vijiwambo, yaani vikunjo vyembamba vya utando ndani yake, ambavyo huwapata wavulana pekee. Nepi iliyolowa isikutulize, kwani kibofu kilichojaa kupita kiasi huvuja. Hospitalini atawekewa mpira wa mkojo na kupigwa ultrasaundi, kisha vijiwambo vitaondolewa kwa kifaa chembamba kinachopitishwa ndani ya mrija, bila kupasua tumbo. Baada ya hapo, figo zake zifuatiliwe kwa miaka mingi, kwa kuwa huenda ziliumia tangu tumboni mwa mama.