Namna ya kulikabili jaribu linalokurudia: kwa Mkristo afanyaye kazi mbali na kwao

Wakristo wengi wa hoteli za Nungwi, Paje na Kiwengwa, Zanzibar, wametoka bara, wanalala vyumba vya wafanyakazi, na zamu zinawakosesha ibada ya Jumapili. Mtu wa namna hiyo akingoja jaribu lifike ndipo atafute nguvu, amechelewa. Kazi kubwa hufanywa kabla.

Anza na daftari. Kwa wiki moja, kila ukijaribiwa andika saa, mahali, uliokuwa nao, na hali yako: njaa, uchovu, upweke, hasira. Usiandike "tamaa" ukaishia hapo. Andika "saa 5 usiku, nimetoka zamu, kitandani na simu". Yakobo 1:14 inasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, kwa hiyo dawa ya mwenzako huenda isikufae.

Kisha chagua mstari mmoja unaojibu jaribu hilo. Yesu jangwani alijibu mara tatu, na majibu yote yalitoka Kumbukumbu la Torati (8:3, 6:16 na 6:13). Neno lilikuwa tayari moyoni. Kwa zinaa chukua 1 Wakorintho 6:18, kwa pombe Waefeso 5:18, kwa kitu cha mgeni kilichosahaulika chumbani Waefeso 4:28, kwa hasira Yakobo 1:19-20. Unakili kwa mkono kwenye karatasi, uusome kwa sauti asubuhi, baada ya zamu na kabla ya kulala, kwa siku 7. Wengi hukosea kwa kubeba mistari 20 kwa mkupuo: yote wanaijua nusunusu, na saa ya jaribu hakuna hata mmoja unaokuja mdomoni. Na usiutegemee mstari ulio ndani ya simu ikiwa simu yenyewe ndiyo inayokuangusha.

Sasa tafuta mlango. 1 Wakorintho 10:13 inaahidi kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Soma Mwanzo 39 polepole. Yusufu naye alikuwa mtumishi ugenini, katika nyumba ya mwingine. Mke wa Potifa alimsumbua siku baada ya siku, naye hakukataa kulala naye tu, alikataa hata kukaa naye. Siku aliposhikwa nguo, aliiacha akakimbia. Hakubaki kumhubiria. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: wanaomba huku wamekaa palepale. Omba, lakini omba ukitembea kuelekea mlangoni.

Mlango wako uujue kabla. Simu ikae kwa mwenzako usiku na uamke kwa saa ya kengele. Ukisafisha chumba, mlango uwe wazi. Ukiokota pesa, ipeleke mapokezi papo hapo, ihesabiwe mbele ya mtu mwingine na iandikwe. Ikilala mfukoni usiku mmoja, itaanza kukupa sababu za kubaki nayo.

Mwambie mtu mmoja (Yakobo 5:16). Awe wa jinsia yako, mkomavu wa imani, asiwe bosi wako wala mtu anayekudai. Kubalianeni siku ya kuulizana, na aulize waziwazi: "Jumanne usiku ilikuwaje?" Kama Jumapili huipati, siku yako ya mapumziko shuka mjini, kanisa la Mkunazini kwa Waanglikana au la Minara Miwili kwa Wakatoliki, umweleze padri ratiba ya zamu zako.

Ukianguka, saa inayofuata ndiyo ya hatari, kwa sababu moyo husema "nimeshaharibu, acha nimalizie". Ungama hapohapo (1 Yohana 1:9), rudisha ulichochukua, mpigie yule ndugu kabla ya kulala, halafu fungua daftari uangalie ni mlango gani uliusahau. Na kwa pombe iliyozoeleka: ukikosa kunywa ukatetemeka mikono na kutoka jasho, usiache ghafla ukiwa peke yako, maana mwili unaweza kupata degedege. Nenda hospitali kwanza, na yule ndugu akusindikize.